Simu ya Macho Matatu na Kiondo cha Mama

Jumamosi, Matinyani. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, mchana jua likatoka kama lililotukanwa, na sasa jioni kuna upepo mwepesi wenye harufu ya vumbi lililolowa.

Naandika haraka kabla sijabadili nia. Nikiwa mbele ya watu maneno hunikwama kooni. Hapa angalau hakuna anayenikodolea macho, na sijui hata kama kuna anayesoma.

Leo nimefanya jambo lililowanyima wanawake wa kikundi chetu sehemu ya oda ya Krismasi. Mmoja wao ni mama yangu.

Nianzie jana.

Tangu nimalize kidato cha nne, nikisubiri matokeo, kazi yangu imekuwa kuwapigia picha wasusi wa viondo, vile vikapu vya katani. Mama Mwende, mwenyekiti wa kikundi, ndiye aliyenichagua. Hakunichagua kwa kipaji. Mimi ndiye niliyekuwa na simu yenye kamera na muda wa kukaa nayo. Simu yenyewe ni ya bei ya chini. Mjomba aliniletea kutoka Kitui mjini nilipomaliza mtihani, na siku hiyo sikulala kwa furaha. Ukifungua kamera yake, inafikiri kwanza, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali ambalo hakulisoma. Ikijaa inaniomba nifute kitu. Lakini chaji yake inakaa, na ilishaanguka pembeni mwa kisima, kwenye mawe, ikaamka.

Anayenunua viondo vyetu ni Bi Salma. Alizaliwa Mwingi, akaolewa Mombasa, na huko ana duka la vitu vya mikono. Hajawahi kufika kwetu. Anachagua kwa picha, halafu tunapeleka mzigo mjini Kabati, unapakiwa kwenye basi, unamfikia. Mimi ndiye ninayemwandikia, kwa hivyo namba yake iko kwangu.

Jana jioni alituma ujumbe wa sauti. Kiswahili chake ni kile cha pwani, kitamu hata anapokukataa. Alisema amesikitika, kwa sababu viondo kwenye picha zangu vinaonekana ni vya uzi wa dukani, wa nailoni, na yeye aliomba katani iliyosokotwa kwa mkono. Mteja wake wa ng'ambo anaamua Jumamosi. Kama hatutamwonyesha katani yenyewe kabla ya sala ya alasiri, oda itakwenda kwa kikundi kingine kule Kikima.

Nilimchezea mama ule ujumbe jikoni. Aliusikiliza mpaka mwisho, akaniomba niurudie. Kisha akaenda kuufunga mlango wa banda la mbuzi ambao ulikuwa tayari umefungwa.

Asubuhi wanawake wote walikuwa wamejaa kwa Mama Mwende, kila mmoja na kiondo chake mapajani, na hasira. Kuambiwa unatumia nailoni wakati umesokota katani pajani mwako tangu kiangazi ni tusi. Susu Kalunde, bibi ambaye ndiye mkubwa kuliko wote na haogopi mtu, alinyoosha mguu wake hapo mbele ya kila mtu.

"Mwambieni huyo Salma aje aone paja langu," alisema. "Hili limenyonyolewa na nailoni?"

Wakacheka, lakini hakikuwa kicheko cha kukaa. Macho yalianza kuja upande wangu, moja moja. Picha zilikuwa zangu.

Hapa inabidi nieleze jinsi tunavyopiga picha, kwa sababu ndipo tatizo lilipoanzia. Kwetu hakuna mwanamke anayekubali kiondo chake kipigwe picha peke yake. Wanasema kiondo bila mwenyewe kinafanana na kitu kilichookotwa. Kwa hivyo kila mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda, amefunga kitambaa kipya kichwani, kiondo amekiinua mpaka chini ya kidevu. Walipoona picha walifurahi sana. Susu Kalunde aliniambia nimemrudishia ngozi aliyoolewa nayo. Mimi nilidhani ni mwanga wa asubuhi.

Mwende, binti wa mwenyekiti, ndiye aliyegundua. Amekuja juzi kutoka Nairobi kwa likizo, anafanya kazi ofisini, na ana simu ile yenye macho matatu mgongoni. Simu hizo nimeziona kwenye matangazo tu. Alichukua simu yangu, akaivuta picha ya susu mpaka uso ukajaa kioo, akacheka.

"Ndinda, hii simu imemfanya susu awe msichana wa fomu tuu."

Akanionyesha. Simu za bei yangu nyingi zinakuja na kitu cha kurembesha uso, kimewashwa tangu dukani. Ikiona uso inafuta mikunjo na madoa, inalainisha. Ilipomaliza mashavu ya susu haikujua kusimama, ikashuka ikalainisha na kiondo. Vile vinyuzi vidogo vinavyosimama juu ya katani kama manyoya ya kifaranga, vyote vilifutwa. Kilichobaki kweli kinafanana na nailoni. Bi Salma hakutusingizia. Aliona alichoonyeshwa.

Nilitamani ardhi inimeze.

Nimesoma mabishano mengi mtandaoni kuhusu jambo hili, kama simu ya bei rahisi inaweza kushindana na zile za bei ya ng'ombe. Watu wanaandika kwa jazba. Wanaringia betri, wanaringia kioo, wanasema siku hizi tofauti ni jina tu. Mimi pia nilikuwa upande huo, kwa sababu ukiwa na simu moja lazima uipende. Lakini leo asubuhi, mbele ya wale mama, sikuwa na la kusema. Yangu ilikuwa imeshindwa, na imetuangusha sote.

Mwende akasema atapiga yeye. Hakuna aliyepinga, na mimi mwenyewe niliona afadhali. Aliwapanga pale barazani, akainua simu yake, na kila mara ilipobofya ilikuwa imeshamaliza. Haikufikiri hata kidogo. Wanawake wakamzunguka. Walivuta picha, wakavuta tena, na kila uzi ulikuwa pale, hata kipande cha jani kikavu kilichonasa kwenye kiondo cha Susu Kalunde. Wakashangilia. Mama yangu alikuwa anatabasamu, na nilikuwa sijamwona akitabasamu tangu ule ujumbe ufike.

Nami nikasogea nione kiondo chake.

Mama hutia katani rangi kwa magome anayochemsha kwenye sufuria iliyong'oka sikio. Inatoka kahawia, kama chai ya strungi iliyokolea. Ndiyo rangi ya kikundi chetu, karibu nusu ya viondo viko hivyo, vingine vimeachwa na weupe wao wa katani. Kwenye simu ya Mwende kiondo cha mama kilikuwa chekundu. Si chekundu cha bendera, lakini chekundu, kama matofali mapya. Na vile vyeupe vilikuwa vyeupe kama sare ya shule siku ya kwanza.

Nilitazama kioo, nikatazama kiondo mkononi mwa mama, nikatazama kioo tena.

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuona za kiondo. Haikuwa ya kiondo kile.

Nilirudi nyuma, nikajitenga karibu na ghala. Nilizima ule urembo kwenye simu yangu. Haikuwa rahisi kuupata, umefichwa mahali. Nikaomba kiondo cha jirani, cha kahawia, nikakiweka peke yake juu ya gunia, kwenye kivuli, nikasubiri kamera ifikiri. Ikaniambia imejaa. Nikafuta picha zetu za siku ya mwisho ya shule, zote, bila kuzitazama. Nikapiga. Haikuwa kali kama ya Mwende, pembeni ilikuwa na ukungu kidogo, lakini vinyuzi vilionekana na kahawia ilikuwa kahawia.

Sasa ningefanya nini? Kama Bi Salma angechagua kwa picha ya Mwende, angeagiza ule wekundu. Wanawake wangesuka hadi Krismasi, mzigo ungefika Mombasa, Bi Salma angefungua magunia na kukuta strungi. Vingerudi. Na safari hii hakuna ambaye angetuamini tena, maana tungekuwa tumeitwa waongo mara mbili.

Nilijua hivyo waziwazi kama ninavyojua jina langu. Lakini kujua ni kitu kimoja, kufungua mdomo ni kingine. Mwishowe nilienda kwa Mama Mwende nikamnong'oneza kwamba rangi haijatoka sawa.

Akaniambia niseme kwa sauti, kila mtu asikie.

Nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ya ajabu, kama ya mtu mwingine. Nilisema ile nyekundu si yetu.

Mwende akauliza, polepole, kama simu yake ndiyo yenye makosa au ni ile iliyomrudisha susu shuleni. Watu wakacheka. Hakuwa na ubaya, nadhani alikuwa ameumia, kwa sababu alikuwa ameacha mapumziko yake atusaidie. Mama mmoja akasema picha kupendeza si dhambi, hata bibi harusi hupakwa poda. Mwingine akasema alasiri haitusubiri. Nikamtazama mama yangu. Nilitegemea yeye, maana rangi ile ni ya mikono yake.

"Keti, Ndinda," alisema. "Usitufungie mlango."

Nikaketi.

Picha za Mwende zikatumwa. Hata hapo kulikuwa na kichekesho kidogo ambacho sikuweza kukicheka: mtandao wa kwetu hupatikana juu ya kichuguu kilicho nyuma ya choo, na simu ya macho matatu ilipandishwa kichuguu kama yangu, na mwenyewe amevua viatu vyake vizuri. Bi Salma akajibu karibu hapo hapo. Alimshukuru Mungu, akasema sasa ndiyo anaona katani, na ule wekundu utampendeza sana mteja. Wanawake walipiga vigelegele. Mama alipiga pia.

Mimi nilienda kuosha vikombe ambavyo havikuwa vyangu.

Nilipokuwa pale kwenye beseni, wazo baya lilinijia. Namba ya Bi Salma iko kwangu. Ningeweza kupanda kichuguu peke yangu na kutuma picha yangu, nimweleze, na hakuna ambaye angejua mpaka iwe imekwisha. Nililishika wazo hilo muda mrefu. Kwa mtu mwenye haya, njia ya kificho huonekana fupi. Lakini mzigo ni wa wanawake, si wangu. Kama ningewapita, ningekuwa nimewafanyia kile kile ambacho simu zetu zilimfanyia Bi Salma.

Wengi walipokwisha kuondoka nilimfuata Mama Mwende jikoni kwake. Alikuwa anachambua ndengu kwenye ungo, na Mwende ameketi mlangoni. Nilikuwa nimebeba kiondo cha kahawia. Nilikiweka chini karibu na mguu wa Mwende, basi, nikasimama.

Mama Mwende hakukitazama. Alisema, huku akiendelea na ndengu, kwamba alikuwa ameona. Amechemsha magome yale miaka mingi kuliko umri wangu, angekosaje kuona. Lakini wale wanawake walikuwa wameanza kupiga vigelegele, na yeye hakuwa na nguvu ya kuwanyamazisha.

Nilishindwa hata kukasirika. Nilimjua vizuri mtu huyo, anayeona na kunyamaza. Nimekuwa yeye maisha yangu yote.

Mwende akatoa simu yake, akafungua picha ya kiondo cha mama, akaweka kioo karibu na kile nilicholeta. Akaanza kuishusha rangi kwa kidole. Simu yake inaweza hivyo, ukiiambia. Wekundu ukapungua, ukawa kutu, ukawa kahawia, weupe nao ukatulia. Alikuwa anatazama chini, anatazama kioo, mpaka vikalingana. Vinyuzi vyote bado vilikuwepo. Yangu isingefika hapo hata kwa maombi.

"Sasa imekuwa mbaya," alisema.

"Ndivyo ilivyo," nikasema. Sijui nilipata wapi ujasiri huo.

Alinitazama, nikadhani atanitukana. Akaniuliza namna Bi Salma anavyopenda kuitwa.

Tukapanda kichuguu wawili. Mama Mwende alitufuata mpaka nyuma ya choo, akasimama na ungo wake. Aliniambia nitume kutoka kwangu kwa sababu mimi ndiye ninayejulikana na Bi Salma, na niseme ni mwenyekiti aliyenituma, asidhani mtoto ameamua peke yake. Tulituma ya Mwende iliyoshushwa, na yangu ya kwenye gunia, zote mbili. Nilirekodi ujumbe, nikaufuta, nikarekodi tena. Mara ya mwisho nilifumba macho nikasema kwamba ile nyekundu ilitengenezwa na simu, rangi yetu ni hii, na ni afadhali tuombe radhi kabla mzigo haujasukwa kuliko baada.

Alasiri ilikuwa imekaribia sana.

Jibu lilipokuja hatukulifungua mara moja. Mwende alisema nifungue mimi. Mimi nikasema afungue yeye. Mama Mwende akatuambia kama tunaogopa simu, tumpe yeye aliyezoea nyuki.

Bi Salma alisema ahsante kwa kusema. Alisema rangi hiyo anaijua, ni ya Mwingi ya utotoni mwake, na hakuelewa kwa nini mara ya kwanza moyo wake haukuitambua. Lakini alikuwa ameshamwonyesha mteja ile nyekundu, na mteja ameipenda hiyo. Angemuuliza tena. Mama Mwende naye akapanda, tukakaa juu ya kichuguu kama ndege watatu, mpaka ujumbe wa pili ukafika. Mteja hataki kahawia. Atachukua vile vyeupe, visivyotiwa rangi, vyote. Vya kahawia mwaka huu hapana.

Nusu ya wanawake wameuza. Nusu hawajauza. Mama yuko kwenye hiyo nusu ya pili.

Nimerudi nyumbani nikitembea polepole, nikipanga maneno, na kila niliyopanga yalianguka njiani. Kwa hivyo sasa hivi, jioni bado haijaisha yote, nikiwa nimekaa kwenye jiwe nje ya jikoni, najiuliza lile swali la mtandaoni na naona si swali langu tena. Simu ya Mwende ni bora kuliko yangu. Nimeshika zote mbili leo, siwezi kudanganya. Inaona mbali, inaona gizani, haiombi kufutiwa kitu. Lakini zote mbili zilitaka kutupendeza kabla hatujaziambia tunataka nini, na zote mbili zilikaribia kutumaliza. Mtu akiniuliza anunue ipi, nitamwambia anunue anayoiweza. Kisha akipiga picha, aweke kitu chenyewe hapo kando.

Nilimwambia mama dakika chache zilizopita. Yote, hata kwamba ni mimi niliyekwenda kwa Mama Mwende.

Alikuwa anakata sukuma wiki. Hakuinua kichwa. Aliuliza vyeupe vimechukuliwa vyote? Nikasema vyote. Akauliza Kalunde? Nikasema cha susu ni cheupe, kimekwenda. Akaitikia kwa kichwa, akakata, akakata, na mimi nikasimama pale nikiwa sijui mikono yangu niiweke wapi.

Sikujitetea. Nilitaka kusema vingerudi, lakini aliyesuka ni yeye, na anajua njia ya kutoka Mombasa hadi hapa kuliko mimi.

Halafu aliweka kisu chini.

Alisema kwamba asubuhi, Mwende alipomwonyesha ile picha, alikiona kiondo chake kizuri mpaka akajiuliza ni nani amekisuka. Na alipenda kujiuliza hivyo. Ndiyo maana aliniambia niketi.

Nilimsaidia kukusanya sukuma.

Kesho baada ya kanisa wanawake watakutana tena, na wengi hawajui bado. Watalala wakijua wameuza. Mama Mwende amesema atawaeleza yeye. Nilifikiri nimshukuru na nikae nyuma kabisa, karibu na mlango, kama kawaida yangu. Nilimwambia mama hivyo, nikitarajia aseme ni sawa.

"Utasema wewe," alisema. "Mimi nitakaa mbele, unitazame mimi tu."

Naogopa. Kuna mama kule ambao hawatanisamehe upesi, na nina haki gani ya kuwalaumu? Wakinipigia kelele huenda sauti itakwama tena, na huenda nitalia, jambo ambalo ni baya kuliko kunyamaza.

Lakini nitasimama. Nitaanza na jina la mama, kwamba kiondo chake pia kimebaki.